Mbio za Unguja: Tazama Saa ya Alfajiri Kabla ya Kutazama Bahari

Habari za ushindi wa Alphonce Simbu zilitufikia hapa Singida kabla jua halijachomoza, tarehe 15 Septemba 2025. Mzaliwa huyo wa kijiji cha Mampando, wilayani Ikungi, alikuwa amemaliza marathoni ya mashindano ya dunia mjini Tokyo kwa saa mbili, dakika 9 na sekunde 48, akimtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu tu za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Tangu siku ile, anayetoka msikitini baada ya sala ya Alfajiri na kushika njia ya Ziwa Kindai hakosi kupishana na wakimbiaji: vijana, watumishi wa serikali wenye vitambi, na hata wazee wawili watatu ambao zamani waliuita mchezo huu kazi ya wasio na kazi.

Si ajabu, basi, kwamba mwezi uliopita familia moja ya waumini wetu ilileta swali mbele ya kamati ya msikiti. Baba ni seremala, mama ni mshonaji, na binti yao mkubwa amemaliza kidato cha sita. Kwa miaka miwili wamekuwa wakiweka akiba ili waitembelee Unguja, ambako hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika, na wangependa safari hiyo iende pamoja na mbio za nusu marathoni, yaani kilomita 21 na kidogo. Baba alikuja na simu iliyojaa picha: mchanga mweupe, minazi, majahazi, watu wakikimbia ufukweni. Maswali yao yalikuwa mawili. Kwanza, katika mbio zinazotangazwa kisiwani, wachague zipi? La pili lilisemwa na mama, kwa sauti ya chini: binti huyu alikuwa mkimbiaji wa UMISSETA, akaacha kwa sababu ya mavazi. Je, yaweza kuwa akarudi?

Wajumbe walitofautiana. Wawili waliona kwamba jambo lote ni la upuuzi na halifai kuchukua muda wa kikao. Mmoja alisema mbio ni za wanaume. Waliobaki walitaka maelezo zaidi. Mimi katibu nikapewa kazi ya kuandika jibu, na kwa kuwa swali hili limo katika nyumba nyingi zaidi ya hiyo moja, kamati imeridhia nilijibu katika safu hii. Miaka niliyosoma chuo nilikaa Unguja, kwa hiyo nitasema juu ya barabara ambazo miguu yangu inazijua.

Asili ya mbio katika dini yetu haina utata. Abu Dawud amepokea habari ya Mtume (s.a.w.) kushindana mbio na mkewe, Bibi Aisha (r.a.), wakiwa safarini. Mara ya kwanza Bibi Aisha alishinda, baada ya muda, alipokuwa ameongezeka mwili, walishindana tena, Mtume (s.a.w.) akashinda, akamwambia kwamba hiyo ni badala ya ile. Katika mapokezi mengine imetajwa kwamba Masahaba waliamriwa watangulie kwanza. Hapo tunapata mambo mawili kwa pamoja: mwanamke alikimbia, na stara yake ilipangwa kabla hajakimbia. Naomba msomaji ayashike yote mawili, maana wengi wetu hushika moja na kuliacha jingine.

Sasa nije kwenye uchaguzi wenyewe. Matangazo ya mbio huanza na mandhari. Sisi tuanze na kalenda, na kalenda yetu ni ya mwezi mwandamo. Ramadhani hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka wa kizungu. Mbio kubwa za Moshi, ambazo watu wengi wa kanda yetu wamezizoea, hufanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na katika mwaka 2026 na 2027 siku hizo zimo ndani ya funga. Kwa mbio za kisiwani, usitegemee tarehe ya mwaka uliopita wala maneno ya rafiki. Soma tangazo la mwaka huu, kisha fungua kalenda ya Hijria uweke tarehe mbili hizo kando kwa kando.

Lakini kuikwepa Ramadhani siku ya mbio pekee hakutoshi. Mtu asiyezoea anahitaji kama wiki 12 za kujiandaa kwa kilomita 21. Kwa mfano, Idi ya mwaka 2026 inakuja mnamo tarehe 20 Machi. Anayechagua mbio za Aprili au Mei atakuwa amejilazimisha kufanya maandalizi yake mazito huku amefunga, na atakayeumia ni ama ibada yake ama magoti yake. Ukihesabu wiki 12 kutoka Idi unafika katikati ya Juni. Kwa hiyo mbio za Juni mwishoni, Julai na kuendelea ndizo zinazomwachia Muislamu nafasi ya kufunga kwa utulivu na kujiandaa kwa utulivu.

Baada ya kalenda, saa. Mbio za pwani huanza mapema kwa sababu ya joto, na wakimbiaji hutakiwa kufika uwanjani mapema zaidi. Unguja iko mashariki yetu kwa karibu nyuzi nne na nusu, na kila nyuzi moja ni dakika nne za jua. Maana yake ni kwamba Alfajiri huingia Unguja zaidi ya robo saa kabla ya kuingia Singida, na jua huchomoza mapema kwa kiasi hichohicho. Mtu aliyebeba ratiba ya sala ya msikiti wetu mfukoni atasali kwa kuchelewa, na akizembea kidogo jua litamtokea. Mwezi wa Julai adhana ya Alfajiri husikika Unguja mnamo saa kumi na moja na dakika ishirini, na jua hutoka baada ya saa kumi na mbili na nusu. Mbio zinazoanza saa kumi na mbili kamili zinamwezesha muumini kusali jamaa, kunywa maji na kufika mstarini. Zinazoanza saa kumi na moja na nusu zinamweka katika mashaka: ama asali katikati ya msongamano wa watu wanaoruka na muziki unaopigwa, ama aache jamaa. Nikipewa mbio mbili, moja yenye bahari pande zote na nyingine yenye saa nzuri, nitachukua ya pili bila kufikiri mara mbili. Uzuri wa Unguja ni kwamba msikiti hauko mbali. Katika Mji Mkongwe, hatua chache kutoka popote ulipo utakuta pa kutawadha na pa kusali, jambo ambalo hutalipata katika mbio za mbugani au za milimani.

Lipo suala la udhamini, na nitalipitia kwa haraka ingawa najua litazua maneno. Mbio zile za Moshi zimebeba jina la bia kwa miaka mingi, na kampuni za kubahatisha matokeo nazo zimejitosa katika michezo mingi nchini. Fulana utakayopewa utaivaa kifuani, utapigwa picha nayo, na mtoto wako ataivaa shuleni siku ya michezo. Soma jina lililoandikwa kabla hujalipa kiingilio. Ikiwa kila kitu kingine kinafaa na fulana tu ndiyo yenye kasoro, vaa ya kwako. Kinachotakiwa na waandaaji aghalabu ni namba ionekane kifuani. Kuhusu zawadi za washindi, wanazuoni wana ikhtilafu katika mbio za miguu, hasa pale zawadi inapotoka katika fedha za washindani wenyewe. Mwenye uwezo wa kushinda amwendee shekhe wake. Sisi wengine tutakaofika baada ya saa mbili na nusu hatuna haja ya kupoteza usingizi kwa suala hilo.

Ndipo tunapofika kwenye mandhari, ambayo ndiyo iliyomleta yule baba na simu yake.

Mbio za Unguja, kwa mtu anayetaka kuchagua, zina sura mbili: za mjini na za ufukweni mashariki. Za mjini, kama Zanzibar International Marathon, huwa na umbali mbalimbali, na hilo lina faida nitakayoieleza mbele. Barabara za huko zimepanda na kushuka kidogo mno. Kisiwa kizima hakina mlima wa kumtisha aliyezoea vilima vyetu. Kutoka Forodhani, mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, jumba lililokamilika mwaka 1883 na ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, unaweza kushika upande wa kusini kwa Mnazi Mmoja, Kilimani na Mazizini, bahari ikijitokeza na kujificha upande wa kulia. Au unashika kaskazini, kwa Malindi na Maruhubi, penye magofu ya kasri ya Sayyid Barghash iliyoungua mwaka 1899, kisha Mtoni, hadi Bububu.

Njia hii ya Bububu naipenda kuliko zote. Mwanzoni mwa karne iliyopita palikuwa na reli kati ya mji na Bububu, urefu wake maili 7, yaani kilomita 11 na kitu. Kwenda na kurudi ni kilomita 22, nusu marathoni na kidogo juu yake. Nilipokuwa mwanafunzi sikuwa mkimbiaji wa maana, lakini niliizoea njia hiyo asubuhi za likizo, na nilijua nimekaribia nyumbani kwa harufu: mwanzo samaki, halafu mikate ya ufuta kutoka madirishani, halafu kahawa. Picha za simu hazina harufu.

Nitoe tahadhari kuhusu vichochoro vya Mji Mkongwe. Ni vizuri kupita kwa miguu baada ya Magharibi, lakini kwa mwenye haraka sakafu yake huteleza, na kona ni nyingi. Mbio zikipita humo kwa kilomita moja au mbili, tembea kwa haraka badala ya kukimbia. Hakuna atakayekucheka, na akicheka muda haujakwisha.

Sura ya pili ni ufukwe wa mashariki, Paje, Bwejuu na Jambiani. Hapo ndipo zile picha nyingi hupigwa. Mchanga ni mweupe kweli, na maji yakitoka ufukwe hupanuka hadi unahisi unakimbia katikati ya bahari. Lakini yakitoka. Hapa watu wa bara huponzwa, kwa kuwa hatukukua tukihesabu maji. Siku za bamvua, ambazo hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hujaa karibu na Alfajiri na tena alasiri, na hutoka kabisa mnamo saa nne asubuhi. Kwa hiyo mbio za ufukweni zikianza saa kumi na mbili katika siku hizo, mchanga mgumu mzuri wa kukimbilia bado uko chini ya maji, nawe utakimbia juu ya mchanga laini unaomeza mguu hadi kifundoni. Muislamu ana bahati hapa: tarehe ya Hijria yenyewe humwambia. Ikiwa siku ya mbio ni karibu na tarehe 1 au 15 ya mwezi wa Kiislamu, hiyo ni bamvua. Ikiwa ni karibu na tarehe 8 au 22, maji ni mafu, hayajai sana wala hayatoki sana. Waulize waandaaji wameipangaje saa yao, na ukiona hawana jibu, tia shaka.

Jambo jingine la huko mashariki. Ufukwe ule ni shamba. Maji yakitoka utawaona akina mama wameinama kwenye mwani wao, wakifunga miche kwenye kamba, kazi iliyowasomeshea watoto. Ukipita, toa salamu. Usiwapige picha kana kwamba ni minazi. Na mwanamume asiye na fulana, huyo asipite kabisa. Kile ni kijiji cha Waislamu.

Rai yangu kwa familia ile, na kwa wote wanaokwenda kwa mara ya kwanza, ni mbio za mjini. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko karibu, barabara ni ngumu na ya kuaminika, na wale wasiokimbia wanaweza kumwona mkimbiaji wao zaidi ya mara moja bila kukodi gari. Mashariki wakaende siku ya pili kutembea na kuogelea, tena kwa stara.

Kuhusu mwili wa mtu wa Singida nina neno refu kidogo. Mji wetu uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni kavu. Anayefanya mazoezi hapa akishuka pwani hupata pumzi ya ziada, na kilomita tatu za mwanzo atajiona Simbu. Hapo ndipo penye mtego. Jasho letu hapa hukauka mara litokapo, na kule kukauka ndiko kunakopoza mwili. Unguja hewa imejaa unyevu. Jasho linatiririka lakini halikauki, na joto hubaki ndani. Mtu akishika mwendo wake wa nyumbani, kufikia kilomita ya 15 kichwa kinauma, miguu inakuwa mizito, na akikaidi anaweza kuanguka. Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au akatapika, au akahisi baridi katikati ya jua, asiambiwe ajikaze. Mpelekeni kivulini, mmwagieni maji, muiteni mhudumu. Kulinda nafsi ni katika makusudio ya sharia, na medali haimo.

Ndiyo maana nausia miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unapovuma na joto limepungua. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, jua la Unguja ni la kuogopwa. Na hata katika kipupwe punguzeni mwendo, kunyweni maji kidogokidogo katika kila kituo, msinywe lita nzima kwa mkupuo, kwani maji mengi bila chumvi nayo huleta madhara. Pakiti ya dawa ya chumvi na sukari inayouzwa duka lolote la dawa inatosha. Dafu ni kwa ajili ya baada ya mbio. Nyumbani, katika wiki tatu za mwisho, jizoezeni mara moja moja saa nne asubuhi badala ya Alfajiri, mkiwa na mavazi yaleyale mtakayovaa kule.

Mavazi, basi. Hili ndilo swali la yule mama, na sitaki kulizunguka.

Wajumbe waliopinga walisema kwamba mwanamke akikimbia barabarani hujidhihirisha. Nawaheshimu, na hofu yao ina msingi, kwa kuwa sare nyingi za riadha hazikutengenezwa kwa ajili ya binti wa Kiislamu. Lakini hukumu ya sare haiwi hukumu ya mbio. Tukifunga mlango wote kwa sababu ya sare, binti hachagui kukaa ndani akasoma Qur'ani. Mara nyingi huchagua kukimbia bila kutuambia, au kuacha na kubeba kinyongo ambacho hatukioni. Mkoa huu ulimtoa Zakia Mrisho, aliyefika fainali ya mita 5,000 ya mashindano ya dunia mjini Helsinki mwaka 2005. Vipaji vya namna hiyo vimo katika madrasa zetu, na sisi ndio wa kuamua kama vitakua chini ya macho ya wazazi au mbali nayo.

Na mavazi yanawezekana. Ruqaya Al Ghasra wa Bahrain alishinda mita 200 katika michezo ya Asia mjini Doha mwaka 2006 akiwa amejisitiri kichwa, mikono na miguu, na akakimbia Olimpiki ya Beijing vivyo hivyo. Ikiwa mita 200 zinawezekana kwa vazi hilo, ambako sehemu ya sekunde huamua, sioni kwa nini kilomita 21 za mwendo wa wastani zisiwezekane. Mwaka 2024 mjini Paris, Sifan Hassan wa Uholanzi, aliyeshinda marathoni ya wanawake, alipanda jukwaani kupokea dhahabu yake akiwa na hijabu. Hakukimbia nayo, na sisemi vinginevyo, lakini dunia nzima iliiona.

Mama ni mshonaji, kwa hiyo atanielewa vizuri kuliko wajumbe wenzangu. Pamba nzito haifai: ikilowa hugandama mwilini, na vazi lililoonekana pana wakati wa kuondoka hurudi limechora kila kiungo. Tafuta kitambaa chepesi kisichonyonya maji, cha rangi nzito isiyopenya. Suruali pana, si ya kubana. Juu yake gauni fupi au kanzu ya michezo inayofika magotini, yenye mipasuo midogo pembeni ili hatua isikwame, na mikono mirefu. Mtandio usiwe wa pini; ushonwe wa kuvuta kichwani, ufunike kifua. Ile fulana ya mbio achukue iliyo kubwa kwa namba moja au mbili, aivae juu ya hayo yote, na namba aibandike hapo. Sehemu zinazosuguana zipakwe mafuta ya mgando. Vazi likamilike mwezi mmoja kabla, akimbie nalo mara kadhaa akiwa na baba au kaka yake, na litakaposumbua mama atalirudisha cherehani.

Niongeze kwa ndugu zangu wanaume, ambao tumezungumza saa nzima juu ya nguo za binti huyu. Uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na goti. Kaptula nyingi ninazoziona njia ya Kindai zinakomea katikati ya paja, na hakuna aliyezileta mbele ya kamati.

Safari ya mwanamke bila mahram, kwa jambo lisilo la wajibu, haifai katika madhehebu yetu ya Shafi. Kwa hiyo binti haendi na kikundi cha marafiki. Huenda na baba, au kaka, na hapa ndipo mbio zenye umbali mbalimbali zinapokuwa bora kwa familia. Baba na binti wanaweza kuingia kilomita 21 pamoja, wakakimbia bega kwa bega. Mama, ambaye magoti yake hayamruhusu, ataingia kilomita 5 kwa kutembea. Mwanzo wa mbio ndipo penye msongamano wa wanaume na wanawake. Wakae nyuma kabisa, waache umati uondoke, waanze dakika mbili tatu baadaye. Hawatapoteza kitu.

Kuhusu njia ya kwenda. Mbio nyingi huwa Jumapili, na kwa Mashafi kuondoka siku ya Ijumaa baada ya Alfajiri na kuikosa sala ya Ijumaa hakufai. Ondokeni Alhamisi asubuhi kwa basi hadi Dodoma, kisha treni ya SGR hadi Dar es Salaam, mlale huko. Ijumaa asubuhi pandeni boti, ambayo huchukua kama saa mbili, mkiwa na vitambulisho vyenu, nanyi mtafika mapema kuiwahi Ijumaa. Msiwe na haraka ya hoteli. Nendeni moja kwa moja Malindi, mkautazame na ule mnara wa zamani. Jumamosi ni ya kuchukua namba na kupumzika, si ya kuzunguka mji hadi usiku. Jumatatu mnarudi. Kwa muda huo mfupi mngali wasafiri: mnapunguza sala za rakaa nne kuwa mbili, na mnaweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri. Jasho si najisi, ila nguo yenye damu ya lengelenge ibadilisheni kabla ya kusali.

Gharama kubwa ni malazi, na huko ndiko akiba ya miaka miwili inakoweza kuyeyuka kwa siku tatu. Nyumba za wageni za ng'ambo, mitaa ya Michenzani na Kikwajuni, ni nafuu kuliko za Mji Mkongwe, nanyi mtatembea kwa miguu hadi Forodhani. Msilipie chumba chenye mandhari ya bahari. Bahari mtaiona bure, kwa kilomita 21.

Kamati, katika kikao cha Jumapili iliyopita, imekubali kwamba familia zitakazopenda kwenda pamoja zijiandikishe kwa katibu, ili tikiti za boti na malazi zitafutwe kwa jumla. Kila familia itajilipia. Hakuna senti itakayotoka mfuko wa msikiti. Mazoezi yameanza: wanaume hukutana baada ya Alfajiri mbele ya msikiti siku za Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, na akina dada hufanya yao Jumamosi asubuhi katika uwanja wa madrasa ulio na ukuta, chini ya usimamizi wa walimu wa kike. Binti yule ndiye anayewaongoza. Hadi jana walikuwa saba.